Mabega mapana si kusukuma juu tu

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita anadai anayetaka mabega mapana asukume chuma kizito juu ya kichwa, basi. Mengine ni mbwembwe. Hapana, ndugu yangu. Msuli wa bega, deltoidi, una sehemu tatu. Ya mbele hufanya kazi kila unaposukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi. Upana unaousifia hutoka pembeni, na huko dawa ni kuinua dambeli kwa ubavuni, kiwiko kimekunjwa kidogo, mpaka mkono ulingane na bega, kisha kuishusha taratibu. Kwa wengi kilo 5 zinawatoa jasho. Anayeng'ang'ania 15 hurusha kiuno na kukunja shingo (jimu zetu zimejaa mafundi hao), na bega linabaki lilivyo. Msuli hukua hata kwa uzito mdogo, mradi seti ikaribie kikomo cha nguvu. Sehemu ya nyuma makala haikuigusa kabisa.

Tena kiungo cha bega kina tundu lisilo na kina, ndiyo maana huteguka kwa urahisi. Kumtwisha anayeanza leo chuma kizito kichwani ni kumtafutia jeraha. Mwandishi arekebishe ushauri wake.