Bukavu: Bustani ikigeuka chumba, maji ya mvua yatapita wapi?

Katika parseli nyingi za Bukavu, mahali ambapo mama wa nyumba alikuwa akichuma lengalenga na matembele, leo pana mlango, dirisha dogo na mabati mapya. Bustani imekuwa aneksi. Kijana ameoa na hana pa kukaa. Ndugu wamekimbia vita kijijini na kufika na mizigo kichwani. Ao mwenye nyumba anatafuta mpangaji ili watoto wasifukuzwe shuleni.

Hakuna wa kumlaumu. Wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Costermansville, haukupangwa kwa watu wanaokadiriwa leo kupita milioni moja. Tangu vita vya 1996, wakaaji wa Walungu, Kabare, Shabunda na kwingineko wameendelea kuingia mjini. Udongo haukuongezeka. Kwa hiyo kila jamaa inaongeza chumba pale inapoweza, na mara nyingi ni kwenye bustani.

Shida ni kwamba Bukavu ni mji wa milima. Bustani iliyo kwenye mteremko si nafasi iliyolala bure. Ndiyo inayokunywa mvua. Mizizi ya migomba na majani inashika udongo, na maji yanaingia chini polepole. Ukiweka sima na mabati mahali pale, maji hayana tena pa kuingia. Yanashuka kwa jirani.

Hesabu ni rahisi. Aneksi ya mita 4 kwa 6 ina paa la mita mraba 24 hivi. Mvua kubwa ya milimita 40 ikinyesha, paa hilo linamwaga lita 960. Ni bidoni 48 za lita 20. Parseli kumi zilizopangana kwenye mlima mmoja, kila moja na aneksi yake, zinamwaga bidoni 480 kwa mvua moja tu, bila kuhesabu nyumba kubwa. Maji hayo yanachimba vijia, yanakula misingi ya kuta, kisha yanabeba matope na taka hadi mto Kawa na ziwa Kivu.

Wakaaji wa Kadutu wanaijua habari hii vizuri. Kule Funu udongo wenyewe unasonga polepole, nyumba zinapasuka na kujengwa upya. Na wale walioona tetemeko la tarehe 3/02/2008 hawajasahau namna kuta zilizojengwa haraka zilivyoanguka.

Kuna pia hatari ya moto. Aneksi nyingi ni za mbao, zimebanana na nyumba ya jirani, na chakula kinapikwa kwa mbabula mlangoni. Moto ukiwaka wakati wa kiangazi, unaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na gari la kuzima moto halina njia ya kupita, kwa sababu njia nayo imekuwa chumba.

Wengine husema: parseli ni yangu, nitajenga ninavyotaka. Sivyo. Sheria ya tarehe 20/07/1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuutumia. Kujenga mjini kunaomba ruhusa. Lakini ni lazima kusema ukweli pia upande wa pili: raia akiona ofisi kama mahali pa kulipa tu, atajenga usiku. Kazi ya mtumishi wa urbanisme si kufika wakati ukuta umekwisha kusimama, akiwa na karatasi ya faini. Ni kufika kabla, kuangalia mteremko, na kumwambia mwenye parseli: hapa jenga, hapa acha.

Kukataza aneksi zote hakuwezekani, na hakungekuwa haki. Wanaoumia wangekuwa wapangaji na waliokimbia vita. Kinachowezekana ni kujenga bila kumwaga shida kwa jirani. Mwenye kununua mabati anunue na mfereji wa paa na pipa. Katika mji ambamo watoto wanaamka alfajiri kutafuta maji na bidoni mkononi, kuacha lita 960 zibomoe ukuta wa mwingine ni hasara mara mbili. Maji yanayozidi yaongozwe hadi kwenye mtaro, si kwenye uwanja wa jirani. Upande wa chini wa parseli ubaki na migomba ao majani, hata kama ni mita mbili tu. Choo kisichimbwe juu ya msingi wa nyumba ya mwingine. Na kati ya nyumba na nyumba ibaki njia ya mtu kukimbia na mtoto mgongoni.

Mashefu wa avenyu wanaweza kuanza bila kungoja bajeti. Salongo isiwe ya kufagia barabara tu. Iwe pia ya kufungua mitaro iliyofunikwa na aneksi. Na kabla jiwe la kwanza halijawekwa, anayejenga juu azungumze na anayeishi chini. Mazungumzo hayo hayaombi hata franka moja. Mvua za Septemba zikirudi, anayeishi chini ndiye atakayejua kama yalifanyika.