Timu Yako ni Ipi, Mwanangu?



Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024, mume wangu, ndugu yangu na kijana wetu wa miaka 16 walirudi kutoka sala ya Isha wakakuta mechi imekwisha kuanza. Arsenal walikuwa kwao wakicheza na Liverpool, na bao la kwanza, la Saka, lilikuwa limewapita njiani. Nikawawekea sahani ya viazi karai, nikakaa pembeni na ushoni wangu.

Mume wangu ni mshabiki wa Arsenal tangu kabla hajanioa, na mtoto ameyarithi mapenzi hayo kama alivyorithi pua. Hadi dakika ya 80 Arsenal walikuwa mbele kwa mabao mawili kwa moja. Dakika ya 81 Mohamed Salah akasawazisha. Baba mtu akajishika kichwa, mjomba mtu akasonya. Mtoto akaruka kutoka kwenye kiti, mikono juu, akipiga kelele: "Kumi! Kumi!"

Chumba kikanyamaza. Mume wangu akageuka polepole.

"Timu yako ni ipi, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa hata swali, na ilinichukua juma zima kuelewa.

Alikuwa akicheza Fantasy Premier League, ambayo wanawe huiita FPL. Mama mwenzangu, kama una kijana nyumbani na hujui jambo hili, huenda analicheza usiku huu. Kila mchezaji hupewa paundi milioni 100 za kufikirika, na kwa fedha hizo hununua wachezaji 15 wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza: walinda lango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kila juma huteua 11 wa kucheza, na mmoja wao humpa unahodha. Kile wanachokifanya uwanjani hugeuka alama. Bao la kiungo ni alama 5, la beki ni 6, pasi ya bao ni 3. Beki ambaye timu yake haikufungwa hupata 4. Kadi ya njano hupunguza 1, nyekundu hupunguza 3. Alama za nahodha huzidishwa mara mbili. Salah alihesabiwa kuwa kiungo, na mtoto alikuwa amemfanya nahodha. Bao lile lililomvunja moyo baba lilikuwa na thamani ya 10 kwa mwana.

Mchezo huu haukuzaliwa Uingereza, wala haukuanza na kandanda. Ulizaliwa Marekani, katika besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa kirungu, na kila tendo huandikwa na kuhesabiwa peke yake. Mwaka 1980 mhariri mmoja, Daniel Okrent, aliwakusanya marafiki zake, wengi wao watu wa magazeti na vitabu, wakanunuliana kwa mnada wachezaji wa kweli. Walikuwa wakikutana katika mkahawa wa New York uitwao La Rotisserie Française, na ligi yao ikapewa jina la mkahawa. Msimu mzima walizisoma takwimu magazetini na kujumlisha kwa mkono. Inasemekana kuwa Okrent, aliyeubuni, hakupata kuishinda ligi yake hata mara moja. Habari hiyo hunifariji, kwa sababu nitakazozitaja.

Huwezi kujaza timu yako kwa wachezaji wa klabu uipendayo. Katika FPL, kutoka klabu moja unaruhusiwa wachezaji 3 tu. Yaani mshabiki wa Arsenal analazimika kutafuta 12 katika nyumba za watu. Analazimika kuwa na hamu na afya ya goti la mtu wa Manchester, na kumwombea heri beki wa Newcastle. Wapo wasemao kuwa mchezo huu huua mapenzi ya timu. Mimi nimeuona ukifanya jambo gumu zaidi: unaugawa moyo wa mtu sehemu mbili, kisha unamketisha sebuleni karibu na babake.

Nasema hivi kwa kuwa nimeonja. Mwezi Novemba ule nilimwambia kijana anifungulie timu, nipate kujua nini kinachomfanya asiweke simu chini. Nilimchukua Salah kwanza, na sitadanganya kuwa nilitazama takwimu. Nilipenda kuona mtu akisujudu mbele ya maelfu ya watu. Takwimu zikaja kunitetea baadaye, kwani msimu ule alifunga mabao 29, akatoa pasi za mabao 18, Liverpool wakatwaa ubingwa, naye akakusanya alama 344, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikia katika FPL. Wengine niliowachagua kwa macho yangu mwenyewe walikaa benchi au waliumia. Nilimaliza wa tisa katika ligi ya watu 11, nyuma ya mpwa wangu wa darasa la tano.

Lakini nililolipata ni hili. Kijana ambaye tangu abaleghe alikuwa akinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" alianza kuja jikoni siku za Ijumaa usiku. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, nami nikikuna nazi kwenye mbuzi wa pili, akanieleza kwa nini beki anayepiga kona ana thamani kuliko beki asiyepiga. Ana akili ya hesabu ambayo ripoti za shule hazikuwa zimenionyesha. Mara moja katikati ya maelezo hayo alinyamaza, kisha akaniambia jambo lililokuwa likimsumbua shuleni tangu Ramadhani. Jambo lenyewe ni lake.

Kwa hivyo msimu wa 2025/26 ulipokaribia, nilikuwa tayari. Ndipo ujumbe ukaingia katika kundi la ligi yetu, ya binamu na vijana wa mtaani: safari hii kila mtu atume shilingi 500, na atakayeongoza mwisho wa msimu achukue zote. Kijana alikuja kuniomba. "Si kubeti, Mama," alisema. "Ni mchango tu. Sisi kwa sisi."

Nilitamani kumpa. Nawajua watoto hao wote, na mama zao. Shilingi 500 si fedha za kuvunja nyumba. Lakini sote tumeona jinsi kubeti kwa simu kulivyokula karo na kodi katika nyumba ambazo zilianza na kidogo. Nikamwambia tumuulize kwanza ustadh wake wa madrasa.

Ustadh alisikiliza kanuni zote, hata za kadi za njano, kwa subira iliyonishangaza. "Ukhti, mchezo wenyewe haulipiwi kiingilio, na maadamu haumpotezei sala wala masomo, mimi simkatazi," alisema. "Lakini kila mmoja akitoa fedha, kisha mmoja akatwaa za wenzake, hiyo ni kamari. Jina la mchango haliibadilishi." Akatutajia aya ya 90 ya Suratul Maida, tukaisome wenyewe. Kijana akajaribu mlango mwingine: je, kama atakayeshika mkia atawanunulia wenzake viazi karai? Ustadh akacheka, akasema viazi navyo hununuliwa kwa fedha. Na zawadi itolewayo na mtu asiyecheza? Hapo alisema maulamaa wamekhitalifiana, na wako waliozuia zawadi katika mashindano ila yale yaliyotajwa katika hadithi, ya ngamia, farasi na mishale. Ushauri wake ulikuwa tucheze bila kitu.

Njiani kurudi kijana hakusema neno. Nilijua anachokifikiria: binamu zake wawili anaowapenda kuliko wote walikuwa wamekwisha kutuma fedha zao. Usiku ule alijitoa katika kundi lile mwenyewe. Akaanzisha jingine lisilo na mchango, na kwa siku tatu tulikuwa humo wawili, mimi na yeye, tukiongoza na kushika mkia kwa pamoja. Kisha akaja mpwa wa darasa la tano, kisha rafiki mmoja wa madrasa. Sasa tuko sita. Binamu wale wawili hawajaja, na siku ya Idi iliyopita walikuwa hawaachani naye. Hilo linamuuma, nami sina la kumwondolea.

Jumapili ya tarehe 31 Agosti 2025 Liverpool na Arsenal walikuwa wakutane tena, mara hii Anfield. Siku chache kabla yake aliingia jikoni na simu mkononi. Salah mwanzoni mwa msimu ule aliuzwa paundi milioni 14 na nusu, naye alikuwa naye.

"Mama, nimpe unahodha?"

Sebuleni gazeti la babake liliacha kupekuliwa. Nikamwambia mimi nahodha wangu nimekwisha mchagua, wa kwake ni shauri lake. Mlango ulikuwa ufungwe Jumamosi saa saba mchana, na usiku ule alikuwa bado hajaamua.