Meza ya Rauta: Usiache Upande wa Chini Uchi

Kabla hujaniuliza: hapana, leo sizungumzii rauta ya intaneti. Nazungumzia ile mashine ya seremala ya kuchonga mifereji na kingo. Ukiifunga kichwa chini chini ya meza, kisu kikachungulia juu, unasukuma mbao badala ya kusukuma mashine. Kazi inakuwa safi zaidi.

Mwaka jana mimi na binamu yangu, fundi hapa Otonglo kando ya barabara ya Busia, tulijitengenezea meza hiyo, maana ya dukani ilitushinda bei. Tuligundisha vipande viwili vya MDF vya milimita 18, tukapata unene wa 36, kisha tukabandika fomaika juu. Chini tukaacha hivyo hivyo. "Omera, nani atainama kuangalia huko?" aliniuliza. Kusema kweli, wazo la kubana pesa lilikuwa langu.

Masika yalipofika, katikati ya meza pakazama karibu milimita 2. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na hapa tuko jirani na ziwa. Juu fomaika ilizuia unyevu, chini ukaingia. Upande mmoja ukitanuka na mwenzake usitanuke, ubao lazima upinde. Uzito wa mashine ukamalizia. Mbao ikipita juu ya bonde hilo, kisu kinakata kina kidogo kuliko ulichopima. Milango sita ya kabati ikatoka na viungo visivyokaa. Mteja akaikataa, na karo ya mtoto wa binamu ilikuwa ndani ya hela hizo.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza unene. Sikubaliani nao. Unene hupunguza kupinda, lakini sababu inabaki pale pale. Dawa ni kubandika pande zote mbili kwa karatasi za unene mmoja, na kuziba kingo pamoja na tundu la mashine kwa vanishi.

Safari ya pili tulifanya hivi. Fomaika tuliikata kubwa kuliko meza kwa sentimita 1 kila upande. Gundi ya kubandikia fomaika tuliipaka pande zote mbili zinazokutana, tukangoja hadi isishike kidole. (Zima jiko kwanza na ufungue madirisha, mvuke wa gundi hiyo unashika moto.) Tulipanga vijiti juu ya ubao, tukalaza fomaika juu yake, tukavitoa kimoja kimoja kuanzia katikati huku tukikandamiza, kwa sababu ikishagusana hakuna kusogeza tena. Mwisho tukapunguza kingo.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Skrini inang'aa, huku nyuma hakuna anayekagua data inayoingia. Mtumiaji haoni kitu, mpaka siku ya mvua. Mwenye kulipia kosa mara nyingi si yule aliyebana pesa.

Meza mpya imepita masika. Rula ya chuma inalala juu yake bila mwanya. Milango sita tuliirudia, na mbao nilinunua mimi. Karatasi ya chini ingenigharimu kidogo kuliko hapo.