Shule ya Serikali: Nani Amemsikiliza Mwanao Akisoma?



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kila inapokaribia Februari mlango wangu hapa Maliba haupumziki. Wazazi wanakuja na swali moja: "Mwalimu, mtoto nimpeleke shule gani?" Nami huwauliza: unatafuta nini huko shuleni? Majibu yao nimeshayazoea. Wa kwanza anataka kujua shule ilipata wangapi daraja la kwanza kwenye mtihani wa PLE. Wa pili anataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Wa tatu, na mara nyingi ni mama, anauliza kama binti yake ataruhusiwa kuvaa hijabu. Baba mmoja aliniambia bila kuficha kwamba anataka sweta yenye nembo na gari la kumpitia mtoto nyumbani, basi! Sikumbuki aliyewahi kuniuliza: mle darasani, nani atamsikiliza mwanangu akisoma?

Kabla sijamlaumu mtu, nianze na nafsi yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtoa mwanangu katika shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani, nikampeleka shule ya binafsi ambayo sitaitaja. Niliuza mbuzi wawili na kahawa ya msimu mzima. Nikisema nilifanya hivyo kwa ajili ya elimu peke yake nitakuwa nimesema uongo. Nilitaka pia watu waone kwamba mtoto wa mwalimu wa madrasa naye anapanda gari la shule. Ripoti zikawa zinakuja kila muhula, zimeandikwa vizuri sana, vizuri sana, nami nikawa nazitia kwenye fremu.

Kijana alipofika P4, mama yangu mzazi alirudi kutoka kituo cha afya na dawa za presha na karatasi ya maelekezo. Mimi nilikuwa natawadha. Nikamwambia kijana, msomee bibi yako. Akaishika karatasi akasoma kwa sauti kubwa, bila kusita, na mimi nikafurahi. Nilipomaliza nikaichukua ile karatasi niione. Ilisema kidonge kimoja kwa siku. Yeye alikuwa amemwambia bibi yake vitatu. Alikuwa hasomi, alikuwa anabuni! Mama hakusema kitu. Alinitazama tu.

Usiku nilimwita pembeni, nikamuuliza kwa upole. Akanijibu: "Baba, shuleni tunasoma wote pamoja. Mwalimu akitaja, tunarudia." Kwa miaka yote hiyo alikuwa anarudia. Na mtoto huyo huyo jioni kwenye madrasa alikuwa ameshamaliza Juzuu Amma na kuingia Tabaraka, kwa sababu kila siku alikaa mbele yangu peke yake, kidole kwenye mstari, akikosea namrudisha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kilikuwa mikononi mwangu siku zote. Madrasa zetu ni maskini. Nyingine hazina hata ubao, msahafu mmoja wanachangia watoto wanne. Lakini hakuna madrasa ambayo mtoto anapita bila kusikilizwa. Kusikilizwa ndiyo kusoma kwenyewe. (Sisemi madrasa zetu hazina kasoro. Fimbo tumeizidisha, na maana ya tunachosoma tumeipunguza. Hilo lina siku yake.)

Nilimrudisha kijana shule ya serikali kwa aibu. Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya tisini. Mwalimu wao, madamu mmoja ambaye Jumapili huimba kwaya kanisani, alikuwa na kiti kimoja kidogo karibu na dirisha. Asubuhi kabla ya kengele, na tena saa ya mapumziko, aliwaita watoto wachache kwa zamu, kila mmoja akasoma ukurasa mmoja mbele yake. Kwa wiki mbili hivi darasa zima lilikuwa limepita kwenye kile kiti. Hakuna aliyemwamrisha wala kumlipa kwa hilo.

Alimpa mwanangu kitabu cha P2 cha Lhukonzo. Nilikwenda kulalamika. Mtoto wa P4, kitabu cha P2, tena cha Lhukonzo! Akaniambia: "Sheikh, akiweza kuisoma lugha ya mama yake, ya wageni haitamshinda. Nipe muhula mmoja." Ilichukua mihula miwili, lakini alisoma.

Najua wengi wenu hamkubaliani na hilo la lugha. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya mahali, kisha P4 waanze kuhamia Kiingereza, na wazazi wengi wanaona ni kuwachelewesha watoto. Mimi pia niliona hivyo. Lakini mtoto anayejua tayari kwamba "omukali" ni mwanamke, akiliona neno hilo kwenye ukurasa anagundua kwamba herufi zinasema kitu. Akianza na neno ambalo hajalisikia maishani mwake, anajifunza kurudia sauti tu. Sisi walimu wa madrasa tunalijua hilo kuliko wengine.

Tukumbuke pia tulikotoka. UPE ilipoanza Januari 1997, serikali iliahidi kuwasomesha bure watoto wanne wa kila familia. Shule zilizokuwa na watoto kama milioni tatu nchi nzima zikajikuta na zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja. Watoto walisomea chini ya miembe. Ruzuku ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa P1 hadi P3, na 8,100 kwa wa P4 hadi P7. Mimi simo katika wale wanaoidharau UPE, maana watoto wengi wa Kiislamu wa milima hii, hasa mabinti, wasingeona mlango wa darasa bila hiyo. Lakini darasa la watoto tisini haliwezi kumsikiliza kila mtoto lenyewe, mpaka pawe na mtu aliyekusudia. Huyo mtu ndiye mali ya shule.

Uwezo, mradi unaofahamika Kenya na Tanzania pia, ulianza kupita nyumba kwa nyumba Uganda mwaka 2010, ukimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha P2 aisome. Watoto wengi wa P3 hawakuweza. Na hiyo ilikuwa kabla shule hazijafungwa kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, ambapo hata madrasa zilifungwa. Kipimo chao hakihitaji mtaalamu. Chukua kitabu cha darasa la nyuma, mkalishe mtoto, nyamaza, msikilize. Kama wewe mwenyewe hukusoma, mwite mtoto mkubwa wa jirani. Dakika tano zitakuambia zaidi ya ripoti zangu zote zilizo kwenye fremu.

Sasa nije kwenye hijabu, maana najua kuna anayenisubiri hapo.

Shule nyingi za serikali huku kwetu zilianzishwa na makanisa, na makanisa bado ni wazazi waanzilishi wa shule hizo. Wazee wetu waliziogopa, na walikuwa na sababu, kwa kuwa zamani za wakoloni mtoto wa Kiislamu aliweza kuingia shule kwa jina la Juma akatoka na jina lingine. Ndiyo maana Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi ya Kibuli ili Waislamu wapate msikiti na shule zao. Allah amrehemu. Lakini leo shule ya serikali inaendeshwa kwa kodi yako wewe na jirani yako Mkristo, na Katiba ya 1995 inampa kila mtu uhuru wa dini yake. Binti yako ana haki ya kuvaa hijabu. Ukikataliwa, nenda ukazungumze kwa adabu, tena nenda na wazazi wenzako, usimtoe mtoto kimya kimya na kuanza kusema watu.

Na tusiogope kwamba mwalimu si Muislamu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Makka waliokuwa hawana mali ya kujikomboa lakini wanajua kuandika, Mtume (s.a.w.) aliwapa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Hawa walikuwa maadui waliokuja na panga, na bado elimu yao ya herufi ilikubaliwa. Madamu wa kwaya hajanijia na upanga.

Kuna jambo tunalolisahau wakati tunabishana kuhusu kitambaa cha kichwani. Katika PLE, ndani ya karatasi ya Social Studies, kuna maswali ya dini, na mtahiniwa anachagua ya Kikristo au ya Kiislamu. Shule ambayo haina wa kufundisha elimu ya Kiislamu, watoto wetu wanaishia kujibu maswali ya Kikristo kwa sababu ndiyo waliyofundishwa. Tunalaumu shule. Lakini ni nani kati yetu walimu wa madrasa aliyekwenda kwa mwalimu mkuu akasema, nipe saa moja kwa wiki na hawa watoto wa P6 na P7? Mimi nilikwenda baada ya miaka kumi na miwili ya kulalamika. Nilikubaliwa siku ile ile, na chai nikapewa.

Chakula nacho! Watoto wanakuja kwangu saa kumi jioni, na kabla hawajafungua vitabu nawajua waliokula mchana na wasiokula. Asiyekula husinzia kwenye herufi ile ile. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema wazi kwamba kumlisha mtoto ni jukumu la mzazi. Shule ya serikali haina ruhusa ya kumfukuza mtoto kwa ada, kwa hiyo inaomba, na sisi tunajibu, "Si mlisema bure?" Shule ikiomba mahindi na maharage wakati wa mavuno badala ya pesa, bado tunakataa. Mzazi aliyeniambia hana kilo tano za mahindi ndiye niliyemwona wiki ile ile akichangia harusi, tena kwa kipaza sauti.

Wengine wana hoja nzito zaidi, kwamba mchango utaliwa na wakubwa. Sipingi, maana imewahi kutokea. Utafiti uliofanyika nchini mwetu ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku zilizotumwa kwa shule za msingi, zilizofika zilikuwa wastani wa 13. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa, na kila shule ikatakiwa kubandika ukutani ilichopokea. Kufikia 2001 zilizofika zilikuwa zaidi ya 80. Kuta za shule zetu bado zipo. Ni lini mara ya mwisho ulisimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule ya mwanao ukasoma kilichobandikwa? Kama hakuna kilichobandikwa, hilo nalo ni swali la kuuliza mkutanoni.

Usalama nitausemea kidogo tu, kwa kuwa moyo bado unauma. Juni 2023, kule Mpondwe, watu waliojipachika jina la dini yetu waliwaua wanafunzi 37 wa sekondari usiku, kwenye mabweni. Tangu hapo ninaposikia mzazi anataka kumpeleka mtoto wa P3 bweni la mbali nanyamaza kwanza. Nimekaa kwenye matanga ya majirani Wakristo baada ya siku zile, na nawaambieni, watoto wetu kukaa dawati moja na watoto wao ni ulinzi ambao hakuna ukuta unaoweza kuujenga. Na mwenye mtoto anayevuka maji kwenda shule anakumbuka Mei 2020, pale Mubuku, Nyamwamba na mito mingine ya Kasese ilipobeba nyumba na madaraja. Shule ya karibu ina thamani ambayo haiandikwi kwenye matokeo.

Yule madamu amehamishwa. Ndivyo serikali inavyofanya, na aliyekuja badala yake ni kijana, ana watoto wengi zaidi, na kile kiti cha dirishani nilikikuta wiki iliyopita kimewekewa ndoo ya maji. Binti yangu mdogo anaingia P1 Februari, insha'Allah, shule hiyo hiyo. Mkutano wa wazazi utakuwa wiki ya pili ya muhula. Mwaka jana Waislamu tulikuwa watatu. Mimi nitakuja na hadithi ya P2 mfukoni, na nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba nina asubuhi mbili kwa wiki za kukaa kwenye hicho kiti, kama ndoo itaondolewa. Ameniuliza kama nitawasikiliza na watoto wa Kikristo. Nimemwambia nitaanza nao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.