Ramani ya Kwetu, Kalamu Mkononi Mwetu



Mwezi huu tumeazimia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa jina laonekana kuwa ni la mafundi, lakini kwa hakika lamgusa kila mtu mwenye kwao. Nalo ni ramani, na zile programu huria za kuchorea ramani ambazo siku hizi mtu aweza kuzijaribu ndani ya kivinjari cha intaneti pasina kuweka chochote katika kompyuta. Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya vijana. Twawaomba watuvumilie hadi mwisho, kwani katika jambo hili wazee wanayo hazina ambayo vijana hawana.

NANI AMESHIKA KALAMU?

Sisi tunaoishi Fordsburg hatuna haja ya kuambiwa kwamba ramani si karatasi tu. Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa miji ya nchi hii kwa rangi za watu ilitekelezwa kwa ramani: maafisa walipiga mstari, na aliyejikuta upande usio wake akaamriwa ahame. Jirani zetu wa Pageview, mtaa ambao wenyeji wake waliuita Fietas, walitangaziwa mwaka 1956 kuwa hapo ni mahali pa Wazungu. Familia nyingi za Kihindi zilipelekwa Lenasia, na katika miaka ya 1970 ikajengwa Oriental Plaza hapa Fordsburg ili kuwapokea wafanyabiashara walioondolewa katika maduka yao ya Barabara ya 14. Basi kila tuendapo Plaza kununua vitambaa vya sikukuu, twaingia katika jengo lililozaliwa na mstari wa kalamu.

Kule Durban nako, wale waitwao Wazanzibari, wajukuu wa watumwa walioachwa huru na kuletwa Natal tangu mwaka 1873, wengi wao wakiwa na asili ya Kimakua, waliondolewa King's Rest mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapelekwa Chatsworth. Huko nako watu hawakuulizwa, ilitazamwa ramani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya ramani yoyote ni hili: ni nani aliyeshika kalamu, na alimwuliza nani kabla ya kuandika?

Mababu walilijua swali hilo. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 katika jumba la Mfalme Roger wa Pili huko Sisilia, hakuzunguka dunia nzima kwa miguu yake. Alikusanya habari za wasafiri, akazilinganisha, ndipo akaandika. Na miji ya pwani yetu kama Malindi na Mombasa ikaingia katika kitabu hicho. Ramani njema huanzia kwa kuuliza.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Mtu anunuaye sahani ya pilau hotelini hupata chakula, lakini hapati siri ya mpishi. Iwapo chumvi imezidi, hana la kufanya ila kulalamika. Programu huria ni sahani inayoletwa pamoja na maelezo ya upishi wake: waweza kula, kupika upya, kurekebisha, na kumpa jirani. Programu ya QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, ni ya namna hiyo, na miongoni mwa waliotumika sana katika kuikuza ni Tim Sutton wa hapa Afrika Kusini. Mkutano wa dunia wa watu wa programu hizi ulifanyika Cape Town mwaka 2008, na miaka kumi baadaye, 2018, ukafanyika Dar es Salaam. Si mambo ya ughaibuni tu, ndugu zetu.

Upande wa ramani yenyewe ipo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Humo kila mtu aweza kuandika barabara, kisima, shule au msikiti aujuao, na kila mtu aweza kuitumia kazi hiyo bila malipo, mradi ataje ilikotoka na asimfungie mwenzake mlango.

YALIYOTENDEKA NYUMBANI

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walifundishwa kutembea na vifaa vya kupimia mahali, wakaandika vichochoro, vyoo, zahanati na shule za mtaa wao. Kabla ya hapo, katika ramani nyingi, mtaa huo wenye umati wa watu ulionekana kama mahali patupu. Mtu asiye katika ramani, ndugu msomaji, ni rahisi sana kusahauliwa maji yanapogawiwa.

Mwezi wa Desemba 2011 Dar es Salaam ilipatwa na mafuriko yaliyoua watu wapatao 40, na baadhi ya familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuuchora mtaa wao. Kisha mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wakazi walizunguka mitaani wakiandika mifereji, nyumba na njia, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi mvua inaponyesha. Fundi wa setilaiti huona paa. Ni mama wa nyumba ile ndiye ajuaye kuwa maji ya mwaka jana yalifika dirishani.

Zanzibar nako, mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) walishiriki katika kazi ya kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wa Kizanzibari ndio waliozirusha.

KWA NINI KIVINJARI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Wengi wetu hatuna kompyuta zetu wenyewe. Twatumia ya duka la intaneti, ya shule ya mtoto, au ya ofisini kwa ruhusa ya mkubwa wa kazi, na katika kompyuta hizo hairuhusiwi kuweka programu mpya. Programu kubwa kama QGIS huhitaji kupakuliwa, na fedha ya data katika nchi hii twaijua uchungu wake. Hivyo mtu huambiwa, "Programu hii ni bure," naye huona mlango umefungwa kwa kufuli nyingine.

Kivinjari huifungua kufuli hiyo. Tangu mwaka 2007 OpenStreetMap iliweza kuhaririwa ndani ya kivinjari kwa chombo kilichoitwa Potlatch. Nacho kilitegemea Flash, ambayo ilifika kikomo mwishoni mwa mwaka 2020. Mwaka 2013 kilikuwa kimekwisha kutolewa chombo kingine kiitwacho iD, chepesi zaidi, na ndicho wanachoanzia wageni hadi leo. Huna la kupakua. Kivinjari huleta kipande cha ramani unachokitazama tu, si dunia nzima.

Jambo zuri zaidi ni kwamba iD ina mafunzo ndani yake. Mwanafunzi huwekwa katika mji mdogo wa Three Rivers, Marekani, akaambiwa weka alama hapa, chora barabara pale, zungusha jengo lile. Akikosea hakuna linaloharibika, maana yote ayafanyayo katika mafunzo hayaingii katika ramani ya kweli. Ni mfano wa mtoto anayejifunza kuandika mchangani kabla ya kupewa wino.

Kwa asiyetaka hata kujiandikisha, ipo uMap, nayo ni huria. Humo mtu hutengeneza ramani yake juu ya ile ya OpenStreetMap: huweka alama za bucha la halali, madrasa, zahanati na kituo cha teksi, kisha huwapelekea wageni waliofika jana wasiojua pa kuanzia. Lakini na aihifadhi vyema ile anwani ya siri ya kuhariri, kwani asiyejiandikisha akiipoteza hataweza kuisahihisha kazi yake tena.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza, tazama tu. Tafuta kijiji chako au mtaa wako wa nyumbani katika OpenStreetMap. Huhitaji jina wala nywila. Angalia kilichopo na kilichokosekana.

Pili, fanya mafunzo ya iD hadi mwisho. Kwa hili utahitaji kujiandikisha kwa barua pepe. Jina la kujiandikia si lazima liwe la kuzaliwa, na tunashauri lisiwe.

Tatu, anza na kitu kimoja unachokijua kwa yakini: jina la shule uliyosoma, au njia ya kwenda kisimani. Usiandike la kusikia. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na maelezo yake, na wengine huweza kulirudisha nyuma likiwa si sahihi.

Nne, usinakili kutoka katika ramani za makampuni. Ukaribu wa kitu machoni haumfanyi mtu kuwa mwenyewe. Tumia ujuzi wako na zile picha za angani zilizoruhusiwa ndani ya chombo chenyewe.

HAZINA YA WAZEE

Kijana aweza kuichora barabara katika picha ya setilaiti, lakini picha haisemi jina. Ni bibi ndiye ajuaye kuwa pale paliitwa hivi kabla ya kubadilishwa, na kwa nini. Hapa Johannesburg tumeliona hilo: mwaka 2014 Bree Street ilipewa jina la Lilian Ngoyi, na Jeppe Street jina la Rahima Moosa, wawili miongoni mwa wanawake walioongoza maandamano ya Pretoria ya tarehe 9 Agosti 1956. Mpaka leo mzee akikuelekeza atasema Bree, na kibao kitasema Lilian Ngoyi. Ramani huria haikulazimishi kuchagua moja na kulizika la pili. Ina nafasi ya jina la sasa, ya jina la zamani, na ya jina kwa kila lugha, Kiswahili kikiwamo.

Watoto wetu waliozaliwa hapa huuliza, "Baba, kwetu ni wapi?" Nasi hujibu kwa maneno ambayo hayana mahali pa kukaa: nyuma ya mwembe, ukipita kwa marehemu fulani. Mti hukatwa, na aliyekuwa akiikumbuka nyumba ile hufariki. Jina lisiloandikwa hufa pamoja na mwenye kulijua.

YASIYOFAA KUANDIKWA

Lipo jambo zito ambalo hatuwezi kulipita. Ramani hii husomwa na kila mtu, mwema na mwovu. Sisi ni wageni katika mji ambao mwezi wa Mei 2008 ulishuhudia mashambulizi dhidi ya wageni. Nchi nzima waliuawa zaidi ya watu 60, na maduka yakaporwa. Machafuko ya namna hiyo yalirudi mwaka 2015 na tena 2019. Wapo miongoni mwetu ambao karatasi zao bado ziko mezani kwa maafisa. Kuwatia hao katika ramani si msaada.

Basi tumejiwekea mpaka, nasi twauleta kwenu muupime. Kilicho na kibao mlangoni, ambacho mpita njia yeyote hukisoma, chafaa kuandikwa: msikiti, duka, zahanati, shule. Kilicho nyuma ya mlango hakifai: jina la mkaazi, nyumba wanamokusanyika watu wasio na vibali, mahali alikojificha mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga. OpenStreetMap yenyewe haitaki majina ya wakaazi wa nyumba za watu, lakini tusiingoje kanuni ya wengine itufundishe kusitiriana. Hata mwenye duka lenye kibao, tukijua kuwa aliwahi kuvamiwa, tumwulize kwanza. Akikataa, yamekwisha.

Na hili lahusu uMap pia. Ramani ya wageni tuliyoitaja hapo juu yaweza kufichwa isionekane na kila mtu, lakini anwani yake ikipelekwa katika makundi ya simu, haina mwenyewe tena.

TUFANYE NINI?

Hatuwaombi wasomaji waamini kila tulilolisifu. Twawaomba wajaribu, kwa kuwa kujaribu hakugharimu ila saa moja ya intaneti. Kila nyumba na itoe mzee mmoja na kijana mmoja. Mzee na akae aseme majina, kijana aandike kwanza katika daftari: jina la sasa, la zamani, na nani aliyelisema. Wakishakubaliana ndipo wafungue kivinjari. Wakitofautiana, wapige simu nyumbani kabla ya kuandika, maana katika ramani, kuacha pengo ni bora kuliko kujaza uongo.

Daftari hilo msilitupe. Programu hubadilika, kama Flash ilivyoondoka, na labda na hizi zitaondoka. Majina yakiwa yamekusanywa kwa uaminifu, atakayekuja na chombo kipya atayakuta.

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo, Inshaallah.