Mashine ya 15 kwa ka-dingi? Ibebe kwanza

Ukisimama juu ya daraja la Kilifi uangalie chini, utaona yoti zimetia nanga mle ndani ya mkono wa bahari. Watu hupiga picha za yoti. Mimi huangalia dingi zilizofungwa nyuma. Hizo ndizo hubeba maji, gesi, mafuta, mboga, wageni na takataka. Yoti bila dingi ya maana ni kama kukaa ghorofa ya kumi bila ngazi.

Sasa kuna majamaa zangu wawili wamepata yoti kuukuu ya futi 30 na wanatafuta dingi. Kitu ya kwanza walisema: boti ya mpira ya mita 3 na mashine ya 15. Juu inaruka, wanasema.

Sawa, inaruka. Lakini mashine ya 15 ya tu-stroku ina kilo 36 hivi, na ya foo-stroku inakaribia 50. Nani ataishusha kutoka kwa yoti ikiyumba, peke yake, saa moja jioni? Ya 2.5 ina kilo 17 au chini. Unaibeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ngazi. Ufuo uko mita 300, manze. Unaharakisha kwenda wapi?

Mwaka jana tulikuwa wanne kwenye dingi ya msee fulani, usiku. Mashine kubwa, makasia yameachwa ufuoni kwa sababu eti yanajaza nafasi. Katikati ya maji mashine ikazima. Ilikuwa bamvua, maji yanapwa, na maji ya Kilifi yakipwa hukupeleka moja kwa moja bahari kuu. Tulipiga maji kwa mikono na kifuniko cha kasha la barafu mpaka tukashika kamba ya nanga ya yoti nyingine. Mzee akatoka na tochi. Tukamwamkia shikamoo, wote wanne, kama watoto wa nasari. Petroli ilikuwa imeingia maji, basi.

Kwa hivyo kwangu makasia ni kabla ya mashine. Na hapa ndipo boti ya mpira huniudhi: kuipiga makasia ni kazi bure, upepo unaisukuma kama mfuko wa plastiki. Kadogo ka faiba, kenye umbo la mashua, kanateleza vizuri na hakaogopi matumbawe wala chaza. Ubaya wake ni kuwa kanayumba ukikanyaga pembeni, na kakigonga yoti, rangi imeenda. Ukishikilia mpira, basi tafuta wa Hypalon. PVC ni bei nafuu, lakini jua letu huilegeza gundi kwenye maungio. Ukiinunua, ishonee kifuniko cha kitambaa mapema.

Sikatai, kuna wenye wanahitaji nguvu. Kama mnabeba watu wanne na mitungi ya kuzamia, au mmetia nanga mbali na kusi inavuma, 2.5 itawaaibisha. Hapo chukueni 8 au 9.9. Na muulize fundi wa wavuvi ana spea za mashine gani kabla mpende rangi. Huku kwetu mara nyingi atasema Yamaha.

Majamaa bado wanabishana. Jumamosi tumeazima ya 15, na kila mmoja ataipandisha kwenye yoti peke yake. Nimeshachaji simu.