Barazani: Gari la Moshi Lishukalo Pwani

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za gari la moshi. Sababu yake ni hii: juzi jioni tulikuwa tumeketi tukiota moto, na baridi ya Njombe mwaijua, tukamsikia kijana mmoja akilisifu gari la umeme liendalo kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lililoanza kuchukua abiria mwaka 1924 wa wajukuu wetu, yaani mwaka 2024, kama alivyotania mzee mmoja kwa kuona jinsi tulivyochelewa kulipata. Kijana akasema kwamba aliketi, akasinzia kidogo, akaamshwa aambiwe amefika. Wazee wakamsikiliza hata akaisha. Kisha yule mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo ni mshale. Sisi tulikuwa na gari."

Tangu hapo hapakuwa na maneno mengine ila ya gari la zamani, lile lililotoka Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, likapita Makambako, likashuka mpaka Dar es Salaam. Tukaona ni vema tuyaandike, kabla wenye kuyakumbuka hawajapungua.

Ninyi vijana msiojua asili ya reli hiyo, sikilizeni kwa kifupi. Mwaka 1965 walowezi wa Rodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao wenyewe, na shaba ya Zambia, iliyopita kwao ili kufika baharini, ikawa mashakani. Rais Kaunda na Rais Nyerere walikuwa wakitafuta njia nyingine. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. Uchina ikakubali, na mapatano yakatiwa sahihi huko Peking mwezi wa Septemba mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, vyuma vikakutana na mwisho wake mwaka 1975, na reli yote, kilometa 1,860, ikakabidhiwa kwa nchi mbili tarehe 14 Julai 1976. Ndiyo TAZARA, nasi wengine twaiita Reli ya Uhuru.

Katika njia hiyo yote hapana mahali palipowatoa watu jasho kama kutoka Mlimba kuja kwetu Makambako. Pale reli haina budi kupanda zaidi ya meta 1,000, kutoka bonde la Kilombero lenye joto hata juu penye ukungu. Mahandaki ya njia yote ni 22, na mengi yako hapo hapo, pamoja na madaraja yenye nguzo ndefu kama minara, na lile la mto Mpanga ndilo lisemwalo zaidi. Wachina maelfu walifanya kazi pamoja na Waafrika waliokuwa wengi kuliko wao, katika matope na mvua. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, karibu na Dar es Salaam. Wenzetu nao wako waliokufa, walakini si wote waliojengewa kaburi lenye jina.

Sasa tuwapandishe garini. Aliyetaka kwenda Pwani alitoka Njombe asubuhi, akafika Makambako mapema kuliko haja, maana gari halimngoji mtu. Stesheni ilijaa watu walioketi juu ya magunia yao ya viazi na maharagwe. Watoto walilala kifudifudi karibu na njia ili kusikiliza vyuma, nao wakubwa wakawakemea. Mara ardhi ikatetema kidogo, kisha honi ikalia upande wa Mbeya, na watu wote wakasimama kwa pamoja kama walioitwa majina. Twasema gari la moshi kwa kufuata mazoea tu. Magari ya reli hii tangu mwanzo yaliendeshwa kwa mafuta, wala hayakula kuni wala makaa.

Yalikuwako magari mawili. Moja liliitwa Mukuba, nalo lilikwenda kwa haraka. Mukuba ni shaba kwa lugha ya Kibemba. La pili liliitwa Kilimanjaro, nalo lilikuwa gari la kawaida, lisimamalo hata kwenye vituo vidogo. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda vinne katika chumba, daraja la pili vitanda sita, na daraja la tatu viti. Wanaume walilala kwao na wanawake kwao, ila jamaa waliokikata chumba chote. Sisi twalikumbuka zaidi daraja la tatu, kwa kuwa ndilo fedha yetu ilipofika.

Tuliondoka Makambako na jioni, tumevaa masweta mawili mawili. Milimani usiku ukatukuta, na mtoto asingeweza kujua kama giza hili ni la usiku au la handaki. Walakini sikio lilijua: mlio wa magurudumu ulitukaribia ghafula kana kwamba mtu amefunga mlango, kisha ukaachiliwa tena. Mlimba hewa ikawa nzito, tukavua sweta la kwanza. Ifakara tukavua la pili. Asubuhi tukaamka katika mbuga ya Selous, na sehemu ile siku hizi ni Hifadhi ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019. Watu wengi wa milimani walimwona tembo kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la gari lile, wala hawakulipa kiingilio. Baadaye ikaja minazi, ikaja miembe, na ile hewa ya chumvi isiyofanana na kitu chochote cha Njombe. Ndipo tukajua tumefika Pwani.

Tena gari lile lilikuwa soko. Kwetu viazi viliingia kwa madirisha. Mlimba na Ifakara ukaingia mchele, na ndizi, na samaki wakavu wa mto Kilombero. Kutoka Pwani zikarudi nazi na papa. Watu walipatana bei huku gari likiwa tayari kuondoka. Shangazi yetu mmoja alitoa fedha dirishani ili apewe mchele, na kabla hajaupokea gari likang'oka. Akanyamaza, akazihesabu fedha zile kuwa zimepotea. Baada ya majuma matatu alirudi kutoka Dar es Salaam, na alipochungulia kwenye kituo kile alimwona mwuza mchele amesimama, na kikapu kichwani, akitazama kila dirisha. Alikuwa amekuja kulingoja kila gari lililopanda. Tangu siku ile hawakuwa mwuzaji na mnunuzi tena. Binti wa mmoja ameolewa na mtoto wa mwenziwe, na wajukuu wao wasoma hapa kwetu.

Wala tusije tukasifu kila gari kwa sababu ni la kale. Babu zetu walilijua gari la moshi kabla ya reli hii kuwako. Walitoka Ubena kwa miguu na kwa malori, wakaandikwa kuwa manamba, wakapelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako reli ya Wadachi ilianza kujengwa mwaka 1893. Kwao sauti ya gari ilikuwa sauti ya kuachana na mke na watoto kwa muda mrefu, na wengine hawakurudi. Mzee akiwaambia kwamba hataki kusikia habari za gari, msimcheke.

Basi tulipokuwa tukisimulia hayo jioni ile, kila mtu akitia chumvi yake, mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu alisema neno lililotunyamazisha. Yeye ameolewa hapa, lakini kwao ni bondeni, kijiji kilicho kandokando ya reli. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Naona ninyi mwalilia gari kama mtu aliliaye pilau la arusi ya zamani. Ninyi mna lami na basi. Kwetu wakati wa masika barabara ilikuwa matope matupu, na gari ndilo lililompeleka mama yangu kujifungulia hospitali. Siku lisipokuja, hatukukosa starehe. Tulikosa njia."

Mzee akamjibu, "Kweli, binti yangu. Hilo hatukulisema."

Nasi twakiri kwamba hatukulisema. Tangu lami ya kutoka Makambako ipite kwetu, mtu wa Njombe alikuwa na la kuchagua. Lakini katika bonde la Kilombero na kwenye miteremko ya Uchindile na Mpanga, gari la kawaida lilikuwa barabara yenyewe. Mwanahistoria Mmarekani, Jamie Monson, aliandika kitabu juu ya reli hii mwaka 2009, akaonyesha kwamba reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba iligeuzwa na wanakijiji kuwa njia ya mchele na ndizi zao.

Mwajua yaliyofuata. Mwaka 1986 reli ilichukua mizigo ya tani zaidi ya milioni moja. Mwaka wa 2014 kuingia 2015 haikufikia hata tani 100,000. Vichwa vya magari vilichakaa, na abiria wakapungua kwa kufuata mabasi. Mwaka 2025 mapatano mapya yalitiwa sahihi na kampuni ya Kichina, kuitengeneza reli kwa dola zipatazo bilioni 1.4 na kuiendesha kwa miaka mingi. Shaba yahitajika tena duniani, ndiyo maana reli yakumbukwa tena. Hilo ni jema. Walakini tani za shaba zina wa kuzisemea, na kikapu cha mchele hakina.

Katika nchi yetu tumeona mambo mawili yakiipata reli. Ile ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya vita kuu ya pili, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Leo mtoto wa huko akiambiwa gari lilipita hapa hudhani ni hadithi. Lakini abiria wa kwenda Moshi, waliokosa gari kwa miaka zaidi ya 20, walilipanda tena mwezi wa Desemba mwaka 2019, na watu wakatoka majumbani kulipungia mikono. Kwa hiyo gari lililolala laweza kuamka, ikiwa wako wanaolidai.

Twawaomba basi neno moja. Ninyi mliosafiri na gari lile, andikeni: mlichukua nini, mlishuka kituo gani, ni nani aliyewangoja. Msituandikie raha peke yake. Na wenyeji wa vituo vidogo semeni katika mikutano ya vijiji vyenu, ili watengenezao reli wajue kwamba katikati ya Mlimba na Makambako wako watu, si milima tu. Tukipata barua zenu tutazipiga chapa hapa hapa barazani, na ya yule mama itakuwa ya kwanza. Amekwisha kuahidi, akimaliza maharagwe.

Kwaherini hata mwezi ujao.